Sarafu za Kidijitali na Kodi: Kutoza Faida au Kutoza Mauzo

Kabla ya kuuliza mtu aliyenunua Bitcoin kwa simu yake anadaiwa kodi kiasi gani, ni lazima iulizwe kwanza kodi hiyo inaangukia wapi: inaangukia umiliki wa sarafu, faida inayopatikana sarafu inapouzwa, au mauzo yenyewe bila kujali kama muuzaji amepata faida au amekula hasara. Serikali mbalimbali zimelijibu swali hilo kwa njia zisizofanana, na katika Afrika Mashariki jibu limekuwa likitafutwa hadharani, kwani Kenya iliweka kodi ya mauzo mwaka 2023 na kuiondoa mwaka 2025, huku Tanzania ikiweka kodi inayofanana nayo mwaka 2024 na kuendelea nayo. Tofauti kati ya majibu hayo ndiyo inayoamua kama mwenye sarafu chache atabaki na akiba yake au ataiona ikipungua kila anapoigusa.

Sarafu za kidijitali, ambazo wengi mitaani huziita kripto, ni thamani inayotunzwa katika kumbukumbu za kompyuta zinazolindwa kwa hesabu ngumu za kuficha taarifa, na kumbukumbu hizo huandikwa katika daftari la pamoja liitwalo blokicheni, ambalo nakala zake hukaa kwenye kompyuta nyingi duniani bila kumilikiwa na benki wala serikali yoyote. Bitcoin, iliyoanza kutumika mwaka 2009, ndiyo ya kwanza na ndiyo maarufu zaidi. Zipo pia sarafu imara, kama vile USDT, ambazo thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani ili isipande wala kushuka ovyo, na ambazo ndizo zinazotumiwa zaidi na wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa kutoka nje.

Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa sarafu hizi si fedha halali, basi haziwezi kutozwa kodi. Ni kweli kwamba Benki Kuu ya Kenya ilitoa tahadhari kuhusu Bitcoin mnamo Desemba 2015, na kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwezi Novemba 2019 kuwa sarafu za aina hiyo hazitambuliwi na sheria za nchi, ingawa Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo. Hata hivyo, sheria ya kodi ya mapato haisubiri idhini ya benki kuu, kwa sababu inachotazama ni kama mtu amepata kipato, na kipato hakiachi kuwa kipato ati kwa sababu kimekuja kwa njia ambayo serikali haijaibariki. Ndiyo maana nchi inaweza, bila kujipinga kisheria, kukataa kuiita Bitcoin fedha na papo hapo ikadai kodi kwa anayeiuza.

Uamuzi ulioelekeza fikra za nchi nyingi ulitolewa na Mamlaka ya Mapato ya Marekani mwaka 2014, iliposema kwamba kwa madhumuni ya kodi sarafu ya kidijitali ni mali, kama ilivyo hisa au kiwanja, wala si fedha. Kutokana na uamuzi huo mmoja yanafuata mambo mengi. Kununua mali na kukaa nayo si tukio la kutozwa kodi, hata kama thamani yake imepanda mara kumi, na kuihamisha kutoka pochi moja ya kidijitali kwenda nyingine ya mtu yuleyule si mauzo. Lakini kuiuza kwa shilingi au dola ni tukio la kodi, kuibadilisha kwa sarafu nyingine ni tukio la kodi hata kama hakuna noti iliyoonekana, na kulipia bidhaa kwayo ni tukio la kodi pia, kwa kuwa mwenye mali ameiachia na kupata kitu chenye thamani badala yake. Jambo hili la pili, la kubadilisha sarafu kwa sarafu, ndilo linalowanasa wengi, maana mtu hujiona hajatoa kitu sokoni ilhali sheria inamhesabu kuwa ameuza na kununua kwa wakati mmoja.

Pale ambapo sarafu ni mali, kinachotozwa ni faida, yaani tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama ya msingi, na gharama ya msingi ni kile ambacho mtu alilipa kuipata sarafu pamoja na ada za ununuzi. Aliyenunua kwa 60,000 na kuuza kwa 100,000 ana faida ya 40,000, na aliyeuza kwa 50,000 ana hasara ya 10,000, ambayo katika nchi nyingi inaruhusiwa kupunguza faida ya mauzo mengine.

Kenya haikuanza hivyo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliingiza katika Sheria ya Kodi ya Mapato kodi mpya ya mali za kidijitali, iliyoanza kutozwa tarehe 1 Septemba 2023 kwa kiwango cha asilimia 3 ya thamani ghafi ya soko ya kila uhamisho au ubadilishanaji. Mali za kidijitali zilitafsiriwa kwa upana sana, zikiwemo sarafu, tokeni, na hata zile tokeni za kipekee zinazowakilisha picha au kazi za sanaa. Mwenye jukwaa, yaani soko la mtandaoni wanakokutana wauzaji na wanunuzi, ndiye aliyetakiwa kukata kodi hiyo na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya ndani ya siku tano za kazi, na jukwaa lililoko nje ya nchi lilitakiwa kujisajili kwa utaratibu uliorahisishwa. Kodi hiyo ilinusurika hata pale Mahakama ya Rufaa ilipoitangaza sheria nzima kuwa batili mwezi Julai 2024, kwani Mahakama ya Juu iliurejesha uhalali wake Oktoba mwaka huohuo.

Asilimia 3 inasikika kuwa ndogo, na pengine ndiyo sababu wabunge wengi hawakuitilia maanani ilipopita. Udogo huo unatoweka mtu anapoketi na kalamu. Tuseme mtu amenunua sarafu kwa shilingi 100,000 na kuiuza kwa 104,000: faida yake ni 4,000, lakini kodi inahesabiwa juu ya 104,000 zote, hivyo anakatwa 3,120, ambazo ni asilimia 78 ya faida yote aliyoipata. Akiuza kwa 80,000, baada ya bei kuporomoka, ana hasara ya 20,000, na bado anakatwa 2,400 juu ya hasara hiyo. Na kama ni mtu anayebadilisha sarafu mara kwa mara, kama wafanyavyo vijana wengi wa Nairobi na Mombasa waliojifunza biashara hiyo mtandaoni, basi baada ya mabadilishano kumi yasiyo na faida wala hasara, shilingi 100,000 alizoanza nazo zimebaki takriban 73,700, zilizobaki zikiwa zimeliwa na kodi peke yake. Hakuna muuza mahindi ambaye angekubali kutozwa juu ya bei ya kila gunia lililopita mkononi mwake bila kuulizwa alilinunua kwa bei gani, na hakuna sababu ya kuridhisha iliyowahi kutolewa kwa nini mwenye sarafu atendewe tofauti.

Ubaya wa hesabu hiyo ulikuwa mkubwa zaidi kwa watumiaji wa sarafu imara. Mfanyabiashara anayenunua USDT ili kumlipa muuzaji wa Guangzhou hatarajii kupata faida yoyote kutokana na sarafu yenyewe, kwa kuwa dola moja iliyoingia ndiyo dola moja itakayotoka, na anachotafuta ni njia ya haraka ya kufikisha malipo. Kwake yeye kodi ya thamani ghafi haikuwa kodi ya mapato hata kidogo, ila ada juu ya mtaji wake mwenyewe, iliyomfikia pia yule anayetumiwa fedha na ndugu aliye ughaibuni na yule anayelipwa kwa sarafu imara kwa kazi za kompyuta anazozifanya akiwa nyumbani. Sheria iliyoitwa ya mapato ilikuwa inamtoza mtu asiye na mapato yatokanayo na kitu kilichotozwa, na hapo ndipo kosa lake la msingi lilipokuwa.

Kulikuwa na kosa la pili, la utekelezaji. Sehemu kubwa ya biashara ya sarafu katika Afrika Mashariki hufanyika mtu kwa mtu, ambapo mnunuzi humtumia muuzaji shilingi kwa M-Pesa na muuzaji huachia sarafu kutoka pochi yake, jukwaa likiwa shahidi tu wa makubaliano hayo, na wakati mwingine jukwaa lisiwepo kabisa. Shilingi hazipiti mikononi mwa jukwaa, hivyo halina cha kukata, na watu wawili wanaofahamiana hawana wa kuwakata. Kwa hiyo kodi iliwaelemea wale waliotumia majukwaa yaliyojisajili na kutii sheria, na ikawapita wale waliokwenda pembeni, jambo ambalo kwa kodi yoyote ni dalili mbaya. India ilipata somo linalofanana baada ya kuweka mwaka 2022 kodi ya asilimia 30 ya faida isiyoruhusu hasara kupunguzwa, pamoja na makato ya asilimia 1 kwa kila mauzo, kwani wafanyabiashara wengi walihamia majukwaa ya nje ya nchi.

Muswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2025 ulipendekeza kwanza kupunguza kiwango hadi asilimia 1.5, lakini Bunge lilikwenda mbali zaidi likaifuta kodi hiyo yote kuanzia tarehe 1 Julai 2025. Badala yake uliwekwa ushuru wa bidhaa na huduma wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma za mali za kidijitali. Tofauti ni kubwa kuliko viwango vinavyoonyesha, kwa sababu kinachotozwa sasa ni ada wala si thamani ya sarafu: kwa muamala wa shilingi 100,000 ambao jukwaa limeutoza ada ya nusu ya asilimia, yaani shilingi 500, ushuru ni shilingi 50, ilhali kodi ya zamani ingekuwa shilingi 3,000. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali, inayowataka watoa huduma hao wapate leseni chini ya usimamizi wa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na hivyo kuwafanya waonekane na mtoza kodi kwa njia ambayo awali haikuwezekana.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kusoma mabadiliko hayo kama msamaha. Kufutwa kwa kodi maalumu kumeurudisha uuzaji wa sarafu chini ya kanuni za kawaida, na kanuni za kawaida za Kenya hutoza faida ya biashara, neno ambalo katika sheria hiyo linajumuisha hata shughuli ya mara moja yenye sura ya uchuuzi. Anayenunua na kuuza sarafu kwa mfululizo akitafuta faida anafanya biashara, na faida yake halisi, baada ya kutoa gharama, inaunganishwa na mapato yake mengine na kutozwa kwa viwango vya watu binafsi, ambavyo huanzia asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza za mwaka na kupanda hadi asilimia 35 kwa kinachozidi shilingi milioni 9.6. Ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, huwasilishwa kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kwa mwenye faida kubwa kodi hii inaweza kuzidi asilimia 3 ya zamani, lakini aliyepoteza halipi, na hapo ndipo haki yake ilipo.

Tanzania ilichagua njia ambayo Kenya imeiacha. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo anayolipwa mkazi wa Tanzania kwa kuhamisha au kubadilishana mali za kidijitali, kodi ya zuio ikiwa na maana ya kodi inayokatwa na mlipaji kabla fedha haijamfikia mlipwaji. Anayetakiwa kukata ni mwenye jukwaa au anayewezesha ubadilishanaji huo. Kwa upande mmoja sheria hiyo ilileta faraja, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa sheria ya kodi ya nchi kuzitaja sarafu hizi kwa jina, na mtu anayetozwa kodi rasmi ana hoja ya kudai alindwe rasmi. Kwa upande mwingine hesabu za shilingi 104,000 na 80,000 zilizofanywa hapo juu kwa Kenya zinamhusu Mtanzania vilevile, na ugumu wa kumkata kodi mtu anayeuza kwa jirani yake kupitia simu ni uleule. Wanaotunga sera Dodoma wana bahati ya kuwa na jaribio la jirani lililokwisha kukamilika, na wangefanya vyema kulisoma kwa makini kabla kodi hiyo haijazoeleka.

Mambo hubadilika pale sarafu inapokuwa si kitu kilichonunuliwa bali kitu kilichochumwa. Mtu anayelipwa mshahara kwa USDT amepata mshahara, na anatozwa kwa thamani ya shilingi ya siku aliyolipwa, kama ambavyo angetozwa kama angelipwa kwa hundi. Mchimbaji, ambaye kompyuta zake hufanya hesabu za kuthibitisha miamala na kulipwa sarafu mpya, anafanya biashara na anaweza kutoa gharama za umeme na mitambo. Wapo pia wanaofungia sarafu zao katika mtandao ili zisaidie kuthibitisha miamala, utaratibu ambao mtandao wa sarafu ya Ethereum uliuhamia Septemba 2022, nao hupata ujira wa sarafu nyongeza. Kwa ujira huo Marekani iliamua mwaka 2023 kwamba ni mapato tangu siku mpokeaji anapokuwa na uwezo wa kuutumia au kuuuza. Hapo pana mtego, kwa kuwa sarafu ileile inatozwa mara mbili kwa misingi miwili tofauti: mara ya kwanza kama mapato kwa thamani ya siku ilipopokelewa, na mara ya pili kama faida ikiwa imepanda hadi siku ya kuuzwa. Thamani ya siku ya kupokea ndiyo inayogeuka kuwa gharama ya msingi, na asiyeiandika siku hiyo atajikuta akitozwa juu ya bei yote kana kwamba sarafu ilimgharimu sifuri.

Wakenya walikutana na aina nyingine ya mapato hayo kati ya Julai na Agosti 2023, pale maelfu walipopanga foleni katika jumba la KICC jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya tokeni 25, zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000, kabla serikali haijausimamisha mradi huo tarehe 2 Agosti. Mjadala wa umma ulihusu faragha, na kwa haki kabisa, lakini kwa mtazamo wa kodi tokeni hizo zilikuwa malipo kwa kitu kilichotolewa, na nchi zenye kanuni zilizokomaa huyahesabu malipo ya namna hiyo kuwa mapato, si zawadi.

Wasemaji wa Kiswahili walioko ughaibuni wanafuata sheria za mahali wanapoishi, na tofauti zake si ndogo. Nchini Uingereza faida ya mauzo ya mali isiyozidi pauni 3,000 kwa mwaka haitozwi, kiwango kilichoshuka kutoka pauni 12,300 ndani ya miaka miwili tu, na kinachozidi hutozwa asilimia 18 au 24 kulingana na mapato ya mtu. Nchini Ujerumani mtu binafsi aliyekaa na sarafu zaidi ya mwaka mmoja huziuza bila kodi yoyote, na nchini Marekani kukaa nazo zaidi ya mwaka kunashusha kiwango hadi asilimia 0, 15 au 20. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni zawadi, kwa sababu ndicho kinachogusa desturi ya kusaidia nyumbani. Mtu anayeishi Leicester akimpelekea mama yake aliye Mombasa Bitcoin aliyoinunua zamani kwa bei ya chini, sheria ya Uingereza inamhesabu kuwa ameiuza kwa bei ya soko ya siku hiyo, na anaweza kudaiwa kodi ya faida ambayo hakuwahi kuishika mkononi, kwani zinazonusurika na kanuni hiyo ni zawadi kwa mwenzi wa ndoa au shirika la hisani. Mwenzake wa Minneapolis akifanya hivyohivyo hahesabiwi kuwa ameuza. Wa Leicester angejiepusha na tatizo hilo kwa kutuma pauni, au sarafu imara ambayo haijapanda thamani.

Katika mifumo yote ya kutoza faida, mzigo mkubwa wa mlipakodi ni kumbukumbu. Mtu akinunua sehemu moja ya mia ya Bitcoin kwa shilingi 50,000, kisha sehemu nyingine kama hiyo kwa 90,000, na baadaye akauza moja kwa 100,000, faida yake inategemea ni ipi inayosemekana kuuzwa: kwa kanuni ya kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka, faida ni 50,000, lakini kwa kanuni ya wastani, ambayo ndiyo msingi wa mfumo wa Uingereza, gharama ni 70,000 na faida ni 30,000. Hesabu zote mbili zinahitaji tarehe, kiasi, bei ya siku na ada ya kila muamala, na majukwaa mengine hufunga shughuli zake bila kuwapa wateja nafasi ya kupakua historia zao, kama walivyogundua wateja wa jukwaa la FTX lilipoanguka Novemba 2022. Sheria ya Kenya inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka mitano, na ni busara kuzipakua kila mwezi na kuzihifadhi mahali pasipotegemea jukwaa lenyewe.

Dhana kwamba miamala ya blokicheni haionekani inazidi kupoteza msingi. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, linalojulikana kama OECD, limeandaa mfumo wa pamoja ambao unayataka majukwaa yakusanye jina, makazi na nambari ya mlipakodi ya kila mteja pamoja na jumla ya miamala yake ya mwaka, na nchi hupelekeana taarifa hizo pale mteja anapokuwa mkazi wa nchi nyingine. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuwataka watoa huduma wakusanye taarifa hizo tarehe 1 Januari 2026, ripoti za kwanza kwa mamlaka ya Uingereza zikitakiwa kufikia tarehe 31 Mei 2027. Nchini Marekani majukwaa yanatakiwa kuripoti mauzo ya wateja wao kuanzia yale ya mwaka 2025, na kuanzia ya mwaka 2026 yaongeze gharama ya msingi kwa sarafu zilizonunuliwa na kutunzwa katika jukwaa husika. Kwa hiyo aliye Birmingham au Berlin, ambaye kwa miaka kadhaa hajataja sarafu zake katika taarifa zake za mapato, ana muda mfupi wa kurekebisha hesabu hizo kwa hiari yake kabla jukwaa halijazipeleka kwa niaba yake.